Kadi ya Euston Arch iliyokataa kufunga

Kisa chenyewe kilianza na picha ya simu, au niseme picha ya picha, maana ilipigwa juu ya fremu ya ukutani na mwanga wa taa unaonekana kabisa kwenye kioo. Dada mmoja aliniandikia anataka kadi ya popapu ya kumpa baba yake siku ya kuzaliwa, mzee wa miaka 80 na kitu ambaye ujana wake aliupitia London, na kila akianza stori za huko lazima afike kwenye lile lango la stesheni ya Euston. "Kaka, nataka akifungua tu, lango lisimame mbele yake." Nikamjibu hilo dogo dada, wiki mbili. Ilinichukua miezi miwili kasoro na matoleo manne, na kila toleo lilikufa kwa sababu yake, ndo maana nimeona niiandike yote badala ya kuonyesha ile ya mwisho tu kama vile ilitoka sawa siku ya kwanza.

Kwa asiyelijua: Euston Arch ilikuwa lango la mawe mbele ya stesheni ya reli ya London na Birmingham, limechorwa na Philip Hardwick, likakamilika 1837. Lilikuwa na urefu wa kama mita 21 kwenda juu, na nguzo nne nene za Kidoriki (mtindo wa Kigiriki wa kale, kichwa cha nguzo hakina madoido), kila moja kipenyo karibu mita 2.6, yaani watu watano wakishikana mikono ndo labda waizungushe. Lilibomolewa 1961 kuingia 1962 kupisha stesheni mpya, na kelele zilipigwa, mshairi John Betjeman na Victorian Society, chama cha kutetea majengo ya enzi ya Malkia Victoria, walipambana mpaka ikafika kwa waziri mkuu Harold Macmillan, akakataa. Mawe mengine yakaenda kufukia shimo kwenye mfereji wa Prescott mashariki ya London, mwanahistoria Dan Cruickshank akaja kuyagundua huko 1994. Mageti ya chuma yapo makumbusho ya reli York. Basi, lenyewe halipo, na hapo ndo ugumu wa kazi hii ulipo, maana jengo lililopo ukikwama unaenda kulizunguka, hili unazunguka picha tu.

Kosa la kwanza naona aibu kulisema. Jina linasema arch, yaani tao, na mi nikachora nusu duara. Faili zima kwenye kompyuta, mkunjo, vipimo, kila kitu, na katikati tao zuri la mviringo. Nikarudi kwenye picha kupima unene wa nguzo nikashtuka: hakuna tao! Ni nguzo mbili mbele katikati ya kuta mbili nene za pembeni, juu yake boriti ya mawe iliyonyooka, juu ya boriti pembetatu ya paa. Uwazi wa kupita ni wa mstatili. Linaitwa tao na tao halina. Nimesimulia hili kwa sababu sio mimi tu, ukipewa jina la jengo ubongo unachora wenyewe kabla macho hayajafika, na kwa jengo lililokufa hakuna wa kukusahihisha.

Toleo la kwanza kukatwa lilikuwa la karatasi moja, mtindo wa Masahiro Chatani, yule mbunifu majengo wa Japani aliyeuanzisha mwanzoni mwa miaka ya 1980: karatasi moja, hamna gundi, unakata na kukunja, kadi ikifunguliwa nyuzi 90 jengo linasimama. Nikachukua kipimo cha 1 kwa 200. Mita 21 zikawa milimita 105, nguzo milimita 13, saizi nzuri ya kukata bila kulia. Kwa kina, yaani jinsi lango linavyotoka mbele kutoka ukuta wa nyuma wa kadi, nikaweka milimita 50 kwa sababu ilipendeza. Kadi ni A4 imekunjwa mara moja, kila upande milimita 148. Likasimama vizuri sana. Nikapiga picha, nikamtumia dada, nikafunga kadi nilale.

Ncha ya pembetatu ikachungulia nje ya kadi milimita 7, kama ulimi wa mtoto anayekukebehi.

Hesabu yake ni ya darasa la tano na nilikuwa naijua, niliisahau kwa furaha. Kadi ikifungwa, uso wa jengo haupotei, unalala kuelekea mbele, na ncha yake inafika umbali wa urefu jumlisha kina kutoka mkunjo wa katikati. 105 na 50 ni 155, upande wa kadi ni 148, ndo hiyo 7 iliyobaki nje. Hapo una njia tatu tu. Uongeze kadi, lakini bahasha zishanunuliwa. Upunguze kina, na wengi ndo wanakimbilia hapo kwa sababu urefu unabaki mkubwa na kadi ina shani. Au upunguze jengo zima. Mi nilikataa kupunguza kina peke yake, maana lango hili ukilitoa kina linabaki bango, raha yake yote ni kwamba unapita ndani yake, mbele nguzo mbili na nyuma nguzo mbili na giza katikati. Nikaenda 1 kwa 220: urefu 95, kina 45, jumla 140, nikabakiwa na milimita 8 za kupumulia. Nguzo zikawa karibu 12. Kwa macho hakuna aliyeona tofauti.

Nitoe na vipimo vya mikunjo hapa kwa anayetaka kujaribu, kwa sababu pembetatu inawasumbua watu. Katika hiyo 95, pembetatu imekula 12, kwa hiyo bega la jengo, pale boriti inapoishia, lipo 83. Karatasi ikiwa imelala, mkunjo wa nyuma uko 83 juu ya mkunjo mkuu, yaani ule wa katikati ya kadi, mkunjo wa chini kwenye sakafu uko 45 chini yake, na mkunjo wa begani uko 83 toa 45, yaani 38 juu. Mikunjo ya nyuma na chini ni ya bonde (inazama ndani), wa begani ni wa mlima (unatokeza nje). Sasa pembetatu unaikata ndani ya dari, yaani sehemu iliyo kati ya mkunjo wa begani na wa nyuma, kuanzia pale kwenye 38 kwenda juu mpaka 50, mistari miwili ya mshazari tu, na pale chini yake huukunji mkunjo, unauacha mzima. Ukikunja, dari inalala nyuma, pembetatu inabaki imesimama na uso, na kwenye dari linabaki tundu la pembetatu hiyo hiyo. Hilo tundu ni halali, usilizibe, ndo karatasi iliyotengeneza paa lako. Ila angalia pembetatu isizidi kina, ikizidi 45 inaanza kula ukuta wa nyuma.

Tatizo lililofuata ndo lililonila wiki. Nguzo za nyuma. Nilitaka zitoke kwenye karatasi ile ile, nikawa najidanganya kwamba uwazi wa katikati ya nguzo za mbele una karatasi ya kutosha, si naitupa tu? Nikachora, nikakata, nikapata vinguzo vya kimo cha kidole gumba vimejificha huko nyuma kama watoto kwenye picha ya harusi. Sababu ni kwamba karatasi haitumiki mara mbili. Nguzo ya nyuma ya urefu kamili inahitaji ukanda unaotoka sakafuni hadi juu kwenye ukuta wa nyuma bila kukatika, na ukanda huo pale katikati umeshachukuliwa na boriti ya mbele na dari. Kilichobaki chini ya boriti kwenye karatasi ikiwa imelala kinaishia milimita kama 18 juu ya mkunjo mkuu. Huwezi kukipandisha. Hakuna ujanja wa programu utakaokipandisha. Unabaki na kuamua: ama lango lisilo na nyuma, ama karatasi ya pili na gundi.

Wapo wanaosema ukitia gundi sio ile sanaa tena. Nawaelewa, na mara nyingi niko upande wao. Lakini mzee hakuagiza sanaa, ameagiza lango la kupita, nikatia gundi.

Kipande cha pili ni lango dogo la karatasi lenye nguzo mbili za nyuma, uso wa 83, dari ya 15, na ndimi mbili za gundi, yaani vipande vya pembeni vya kubandikia: mmoja chini unashika sakafu milimita 15 kutoka mkunjo mkuu, mwingine juu unashika ukuta kwenye 83, chini tu ya dari kubwa. Nikapima na rula, nikatia alama ya penseli, nikabandika kadi ikiwa wazi, nikasubiri ikauke. Ikasimama kama askari. Nikafunga, ikakataa. Sio kukataa kwa kuchomoza nje kama mwanzo, ilikuwa inafunga nusu halafu kuna kitu ndani kinasukuma, ukilazimisha unasikia karatasi inalia na ukifungua nguzo moja ina mkunjo mpya ambao hukuuweka wewe.

Nilidhani mikunjo migumu. Nikaipitia yote tena na mgongo wa kijiko, hola. Nikadhani karatasi nene, nikarudia na nyepesi, hola, ila sasa ilikunjamana kimya kimya badala ya kulia. Mwishowe nikapima tena pale chini: ulimi ulikuwa kwenye 17, sio 15. Milimita 2 tu, unene wa ncha ya penseli butu na mkono uliochoka. Kadi ikiwa wazi nyuzi 90 hizo mbili huzioni, lango linaegemea kidogo na karatasi inapinda kidogo na jicho linasamehe. Ikifungwa hakuna cha kusamehe: kwa chini unahesabu 17 na 83, mia, kwa juu unahesabu 83 na 15, tisini na nane, ncha moja inatakiwa iwe sehemu mbili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo inasukuma.

Dawa haikuwa kupima vizuri zaidi, mi mkono wangu ndo huo. Dawa ni kuiachia kadi ijibandike. Unabandika ulimi wa chini kwanza, ukiufuata mstari uliokwaruzwa kabisa kwenye karatasi na sio alama ya penseli. Unaacha ukauke. Halafu unalilaza lile lango kuelekea mbele, lilale bapa, unapaka gundi kidogo ulimi wa juu, na unafunga kadi juu yake. Ukuta wa nyuma unashuka wenyewe na kuukuta ulimi pale ulipo. Ukifungua baada ya dakika kumi, pale uliposhika ndo sehemu sahihi, hata kama sio 83 uliyochora, kwa sababu imeshafungwa mara moja tayari na inajua njia. Tangu siku hiyo sijawahi kubandika ulimi wa pili kadi ikiwa wazi.

Kuhusu karatasi niseme kwa sababu niliharibu toleo zima hapa. Karatasi ina mkondo wa nyuzi, yaani upande ambao nyuzi zake zimelalia, na ushauri unaorudiwa kila mahali ni mkunjo wako ufuate mkondo, unakuwa laini na haupasuki. Kweli. Nikakata vipande vyangu kutoka karatasi kubwa ili mkondo ulale sambamba na mkunjo, gramu 200, mikunjo ikawa kama siagi. Asubuhi nguzo zote zimejikunja kama kucha. Ukifikiri ni wazi: mkunjo umelala, nguzo imesimama, mkondo ukiifuata mikunjo unaikata nguzo kwa upana, na kipande cha milimita 12 kilichokatwa hivyo hakina uti wa mgongo. Kwa jengo la kuta pana sawa, fuata ushauri. Kwa jengo la nguzo pindua, mkondo uende na nguzo, na mikunjo uisaidie kwa kuikwaruza upande wa nje wa mkunjo, bonde unalikwaruza kwa nyuma ya karatasi na mlima kwa mbele. A4 nyingi mkondo wake unaenda na upande mrefu, kwa hiyo ukiikunja kati kuwa A5 mbili tayari iko inavyotakiwa, na mi nilihangaika kukata karatasi kubwa bure.

Mifereji ya nguzo nayo. Nguzo za Kidoriki zina mifereji ya wima, na kwa karatasi huwezi kuipata kwa kisu, ukijaribu unapata nguzo yenye mbavu za mgonjwa. Niliikandamiza na bolpeni iliyoisha wino, mistari mitano kwa nguzo, karatasi ikiwa juu ya gazeti lililokunjwa ili iwe na pa kuzama. Nguzo halisi ina zaidi, lakini kwenye milimita 12 ukiweka kumi inakuwa kijivu tu. Mitano chini ya taa ya pembeni inatosha, kivuli kinafanya kazi iliyobaki. Na ikate nguzo iwe nyembamba kidogo juu kuliko chini, nusu milimita kila upande, usipofanya hivyo inaonekana pana juu na hutajua kwa nini.

Toleo la tatu likawa linafunga, linafunguka, nguzo nne, kivuli ndani, jeupe pee. Nikalituma. Dada akamwonyesha mzee kabla ya siku yenyewe, alishindwa kuvumilia. Akanirudia: "Kaka, samahani sana, mzee anasema limetengenezwa vizuri ila sio lenyewe." Nikauliza kakosa nini. "Anasema jina liko wapi. Na anasema lilikuwa jeusi. Na hivyo vijumba pembeni havikuwa hapo."

Yote matatu alikuwa sahihi na nilijitetea kwa nusu saa kabla ya kukubali.

Jina kwanza. Mi nilichora kutoka michoro ya zamani, ya lango likiwa jipya, na mwaka 1837 halikuwa na maandishi. Neno EUSTON lilichongwa kwenye boriti 1870 na kutiwa rangi ya dhahabu. Kwa hiyo lango langu lilikuwa sahihi kwa mwaka ambao mzee hakuwepo, wala babu yake pengine. Weusi ni masizi, zaidi ya miaka 100 ya moshi wa treni na makaa ya mji, jiwe lile lilitoka Yorkshire likiwa na rangi yake ila kwenye picha za miaka ya 1950 limekuwa jeusi ti. Vijumba, hapo nilijichanganya mwenyewe. Kuna vijumba viwili vya mawe bado vipo barabara ya Euston, vimechongwa majina ya miji ambayo treni zilikuwa zinafika, vinapendeza, na kwa sababu vipo nilivichukua vipimo kwa raha nikaviweka kushoto na kulia kwa lango. Ni vya 1870 hivi na vilikuwa huko mbele barabarani, sio ubavuni mwa lango. Nilijaza pengo la jengo lisilopo kwa kitu kilichopo, kisa tu kinapimika. Karibu nifanye hivyo hivyo na stesheni ya Curzon Street ya Birmingham, ya mchoraji huyo huyo na bado imesimama, nikopee vichwa vya nguzo, mpaka nikaona zile ni za Kiayoniki, zina masikio ya kujiviringisha, si ndugu kabisa.

Kwa hiyo toleo la nne nililianza kwa kuandika mwaka juu ya faili kabla ya mstari wowote: 1958, katikati ya miaka aliyoisimulia mzee. Vijumba vikatoka, na nafasi viliyoiacha ikanipa upana zaidi wa ukuta mtupu ambao kwa kweli ulilisaidia lango kuonekana kubwa. Rangi ilinipa shida ya moyo, mi napenda nyeupe, kwenye nyeupe kivuli ndo kinachora jengo, ukitumia nyeusi kivuli kinakufa na mifereji yote ya bolpeni inapotea. Nikajaribu nyeusi, ikawa tundu lenye umbo la lango. Nikaishia kijivu kilichokolea kwa jengo, na kadi yenyewe kijivu chepesi sana, maana yake jengo sasa lipo kwenye karatasi yake na linabandikwa kwenye kadi kwa ndimi, nimeshaachana kabisa na karatasi moja. Ujanja wa kuibandikia kadi ikiwa imefungwa ukafanya kazi kwa vipande vyote viwili, cha nyuma kwanza kikauke, cha mbele baadaye.

Herufi nilitaka kuzitoboa. EUSTON kwa urefu wa milimita 4, E sita za majaribio zilitoka vizuri, halafu ikafika O na kipande cha katikati kikadondoka chini ya meza kama kawaida ya O. Ukiiwekea vidaraja inakuwa herufi ya sanduku la mizigo. Nikachukua kalamu ya dhahabu ya ncha nyembamba, nikaandika kwa mkono kabla ya kukunja, karatasi ikiwa bado imelala, nikafanya mazoezi kwenye mabaki mara ishirini na bado T imeegemea kidogo.

Dada aliniandikia jioni ya siku yenyewe. Anasema mzee alifungua, akaifunga, akaifungua tena polepole akiwa ameishusha usawa wa macho, akaingiza ncha ya kidole kati ya nguzo mbili mpaka ikatokea upande wa pili. Halafu akasema geti la chuma halipo. Nimeanza kulichora, vyuma vyake kwa kipimo hiki ni vyembamba kuliko nywele, nafikiri nitatumia uzi.